Maelezo ya Kichaka cha Mwasando

"Uoto hafifu," Mtaja ulisema. "Hauna miti. Hauna majani. Hauna mwenyewe. Weka mkono kuthibitisha."

Felista Ntandu hakuweka mkono.

Mtambo huo ulikuwa na kimo cha mbuzi, miguu sita myembamba na shingo ndefu iliyoishia kwenye kisahani cha shaba chenye ukubwa wa kiganja. Tangu alfajiri ulikuwa ukiingia na kutoka kichakani, ukipapasa magome, ukinusa udongo, ukikata vitawi na kuvitia tumboni. Sasa ulikuwa umesimama mbele ya Felista, kisahani kimeinuliwa usawa wa kifua chake. Nyuma yake tingatinga zilinguruma kwa subira, na nyuma ya tingatinga yalikuwa malori mawili ya baridi yaliyojaa miche ya miti ya kisima.

"Kuna tatizo, binti yangu?" aliuliza Injinia Msengi. Alikuwa mkuu wa upandaji, mtu mnene, mpole, aliyevaa kofia ya mkeka na kusalimia kila mfanyakazi kwa jina.

Felista alitazama viatu vyake. Alikuwa mtu wa kujibu kwa kutikisa kichwa. Chuoni alifaulu kila somo la mimea isipokuwa pale alipotakiwa kusimama mbele ya wenzake na kueleza alichokijua.

"Si hafifu," alisema.

"Umesemaje?"

"Hiki kichaka. Si hafifu."

Msengi aligeuka akakitazama. Kilitanda hadi upeo wa macho, cha rangi ya kijivu, fimbo tupu zilizofumana kama kapu lililokanyagwa. Hapakuwa na jani hata moja. Hakuna aliyeweza kumlaumu kwa alichokiona.

"Felista," alisema taratibu, "miche imeamshwa leo asubuhi. Isipopata udongo kabla ya jua kuzama, inakufa. Kule mjini watu wananisubiri tangu mwaka juzi. Weka mkono, mwanangu, tuanze."

Miti ya kisima ilikuwa kazi ya maabara, na ilikuwa kazi nzuri; Felista mwenyewe aliipenda. Majani yake mapana kama masikio ya tembo yalikamata unyevu wa hewa ya usiku na kuushusha shinani mpaka kwenye mabomba. Shamba moja lilitosha kunywesha mji. Ila haikuvumilia jirani. Ardhi yake ilibidi ikwanguliwe kwanza, ibaki tupu kama sakafu.

Ndiyo maana ulitakiwa mkono wa mtu. Zamani Mitaja ilikuwa ikiamua yenyewe, mpaka siku mmojawapo, huko milimani, ulipoyaita mashamba ya kahawa ya watu vichaka, na kufikia jioni yakawa yameng'olewa yote. Watu waliandamana mpaka ikatungwa Sheria ya Mkono: ardhi haibadilishwi kabla mtu aliyesomea mimea hajagusa kisahani na kutamka "nathibitisha", au hajatoa maelezo yake mwenyewe yakachukua nafasi ya yale ya mtambo. Kwa kawaida walithibitisha. Mitaja ilikuwa haikosei tena kahawa.

Felista aliinamia kisahani kana kwamba anazungumza na mtoto.

"Wewe ulijifunza vichaka vya huku kwa kugusa?"

"Kwa kugusa," Mtaja ulijibu. "Situmii picha za angani."

"Ulivigusa miezi gani?"

"Julai mpaka Oktoba."

"Na Januari? Februari?"

"Hakuna kumbukumbu. Wakati wa mvua barabara hazipitiki."

Mmoja wa madereva wa tingatinga, kijana wa Kigogo aitwaye Chilewa, alicheka kwa nguvu kutoka kitini mwake. "Kumbe hata lenyewe linaogopa tope."

Felista hakucheka. Aliyaona yote kwa mara moja: miaka na miaka ya wataalamu wakipakia mitambo kwenye magari, wakisubiri barabara zikauke, wakija kukigusa kichaka kikiwa kimelala, wakirudi mjini kabla ya tone la kwanza. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walikuja tu wakati ambao gari lingeweza kufika. Na mtambo ukajifunza kwamba kichaka ni maiti.

Alivunja kitawi, akakwangua gome kwa kucha. Chini ya kijivu palikuwa na kijani kibichi chenye maji.

"Hakijafa," alimwambia Msengi, akimwonyesha. "Kimefunga tu."

*

Msengi alimpa muda wa kufikiri. Alikwenda kusimama kwenye kivuli cha lori, akazungumza na simu yake kwa sauti ya chini. Chilewa alishuka, akaja kuchuchumaa karibu na Felista, akitafuna njugu.

"Sister, nikupe njia?" alisema. "Sema ni msitu. Msitu hauguswi, sheria imeandikwa. Unasema msitu, tunazima mitambo, tunakwenda kula."

"Si msitu."

"Nani atajua?"

"Msitu una miti mirefu, vilele vyake vinagusana juu, chini pana kivuli. Unaweza kutembea ndani yake. Hiki huwezi hata kupitisha mkono." Alisema haraka, akikitazama kitawi alichoshika badala ya mtu. "Nikikiita msitu, mwakani atakuja mwingine. Atauliza, mbona msitu huu hauna miti? Atasema umeharibiwa. Ataleta mikaratusi ili kuutengeneza."

Chilewa alitafuna, akafikiri. "Basi hata ukidanganya kwa ajili yake unakiua."

"Nakiua polepole."

"Mimi nalipwa nikikata, nisikate," alisema Chilewa akisimama. "Ila nakwambia, dada zako wanakuja. Ona vumbi lile."

Pikipiki zilikuwa zikija kutoka upande wa Mwasando, kila moja imebeba wanawake wawili au watatu. Walikuwa wamealikwa kushuhudia mche wa kwanza ukishuka ardhini. Walikuja wamevaa khanga za sherehe. Wa kwanza kushuka alikuwa Restituta, dada yake Felista, mwenye mgahawa wa chai na maandazi pale stendi.

"Shikamoo Injinia," alisema Restituta.

"Marahaba, mama Gaude. Zungumza na mdogo wako. Mimi ameshanishinda."

Restituta alimtazama Felista, akautazama Mtaja, akatazama mkono wa mdogo wake uliojificha mfukoni. Alipofungua mdomo meno yake yalionekana, yenye madoa ya kahawia kama ya kila mtu aliyekulia kwenye maji ya visima vya Mwasando. Felista alikuwa na meno yaleyale. Ndiyo sababu alizoea kuufunika mdomo.

"Feli. Ni kweli wewe ndiye unayezuia?"

"Dada, nisikilize..."

"Gaude leo hakwenda shule. Magoti. Daktari anasema ni maji, mifupa inapinda kwa sababu ya maji, kama tungekuwa na maji mengine angenyooka, bado ni mdogo. Unajua hilo?"

"Najua."

"Tulikuchangia ada wewe. Ukasome miti. Umesoma, umerudi, unatuambia fimbo hizi ni bora kuliko miguu ya mtoto?"

Felista angeweza kuutoa mkono mfukoni, na yote yangekwisha, na dada yake angemkumbatia. Kilichomsumbua ni kwamba Restituta hakuwa akisema uongo. Kila neno lake lilikuwa la haki.

"Kwa nini si kwenye alizeti?" alisema Felista.

Alikuwa amemwelekea Msengi, na alisema kwa sauti ambayo hata yeye hakuitegemea.

"Alizeti gani?" aliuliza Restituta.

"Lile shamba la mwekezaji, ng'ambo ya reli. Lilishakwanguliwa zamani. Halijalimwa misimu mingi. Udongo umekaa wazi. Miti ya kisima ingeota kule leo hii, hakuna cha kung'oa."

Msengi alivua kofia, akajipepea. "Kule kuna mwenyewe."

"Shamba lililoachwa linapandwa kwanza, mwenyewe analipwa baadaye. Imo kwenye sheria hiyohiyo."

"Imo," Msengi alikubali. "Na mwenyewe ana simu ya kila mkubwa unayemjua na usiyemjua. Nikigusa lango lake leo, kesho mimi ni mstaafu. Hapa hakuna mwenyewe. Hakuna anayepiga simu kwa ajili ya kichaka." Alisema bila aibu, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. "Nilichagua njia ambayo maji yatafika. Unanilaumu?"

Restituta alimgeukia polepole. "Injinia. Kumbe pana pahali pengine?"

"Mama Gaude, mambo haya ni..."

"Siku zote unatuambia ni hapa au kiu. Kumbe pana pengine, na unamwogopa mtu."

Minong'ono ilipita kati ya wanawake. Msengi alivaa tena kofia yake, akatazama jua, akamsogelea Felista. Upole wake ulikuwa umebaki usoni tu.

"Weka mkono, au sema huthibitishi, niite mwingine kutoka wilayani. Atafika kabla ya alasiri. Lakini usinichezee."

Felista aliutoa mkono mfukoni. Aliuweka juu ya kisahani cha shaba. Kilikuwa na joto kama paji la uso la mgonjwa.

"Natoa maelezo yangu mwenyewe," alisema.

"Maelezo yamefunguliwa," Mtaja ulijibu.

Chilewa alizima tingatinga. Yeye ndiye aliyeelewa mapema kuliko wote. Maelezo yakishafunguliwa, hakuna mthibitishaji mwingine anayeweza kugusa Mtaja mpaka yafungwe, na sheria haikuandika yawe marefu kiasi gani.

*

Alianza na vitu vidogo, kwa sababu vitu vikubwa vilimtisha.

"Kimo," alisema. "Watu wawili wakibebana mabegani. Hakuna mti unaojitokeza juu ya wengine. Kila mmea una mashina mengi yanayoanzia mahali pamoja ardhini, membamba, yenye kunyumbuka. Matawi yamefumana. Ukikata mmea mmoja hauanguki, wenzake wanaushika."

"Endelea," Mtaja ulisema.

"Gome. La huu ni la kijivu, laini, lina vitundu vidogo vya kupumulia. La huu wa pili linabanduka kama karatasi, chini yake ni jekundu. Huu wa tatu una miiba, lakini si miiba ya kuota peke yake, ni vitawi vilivyochongoka ncha." Alitembea huku akizungumza, na mtambo ulimfuata, kisahani kikiwa chini ya kiganja chake. "Machipukizi yapo. Kila kifundo kina chipukizi limefungwa kwa magamba. Kifundo hiki. Kile pia. Hakuna kifundo kitupu."

Msengi alimsikiliza kwa dakika chache, kisha akaelewa. "Felista, hiki ni kitendo gani?"

Hakumjibu. Kujibu kungekuwa kunyamaza upande wa kichaka, na akinyamaza sana Mtaja ungeuliza kama maelezo yamekwisha, na usipojibiwa ungefunga.

Alieleza majani, ingawa hayakuwapo, kutokana na yale makavu yaliyojaa chini. Aliyaokota moja moja. Hili ni jani la vijani vingi vilivyopangwa pande mbili za kikonyo, kama unyoya. Hili ni jani moja zima, upana wake katikati, ncha imechongoka. Hili kingo zake zina meno madogo na upande wake wa chini ni mweupe.

"Huo mkole," alisema mwanamke mmoja nyuma yake, kabla hajajizuia.

"Mkole," Felista alirudia. "Tunda?"

"Dogo, jekundu, likiiva jeusi. Mawili mawili, hata manne. Tamu, ila kokwa ni kubwa kuliko nyama."

Felista alilirudia kwa Mtaja neno kwa neno. Wanawake wakatazamana. Kisha mwingine akasema juu ya mmea wa maua meupe unaonuka usiku mpaka mbwa hupiga chafya, na mwingine akabisha kwamba si meupe, ni ya manjano, na wakagombana, na Felista akaeleza yote mawili na kusema kwamba huenda ni mimea miwili. Walimweleza uyoga unaotokea baada ya mvua ya tatu, chini ya majani yaliyooza, na upande gani wa kichuguu. Walimweleza digidigi anapopita. Yeye aliwaeleza wao kile alichokisoma: kwamba mimea hii haikujikusanya ovyo, inaishi pamoja kama nyumba za mtaa mmoja, na udongo huu, ukivuliwa majani yake, jua huufanya mgumu kama saruji na maji ya mvua hayaingii tena.

Alizungumza mpaka kivuli chake kikahama upande. Sauti ilianza kukatika. Neno "kikonyo" lilitoka kama mkwaruzo.

"Maelezo yamekwisha?" Mtaja uliuliza.

Alijaribu kusema, hakikutoka kitu. Alitikisa kichwa, lakini mtambo haukujua maana ya kutikisa kichwa.

"Maelezo yamekwisha?"

Kikombe cha bati kiligusa midomo yake. Restituta alikuwa amekishika.

"Kunywa," alisema. "Ndiyo haya tunayokunywa sisi."

Maji yalikuwa ya uvuguvugu, yenye chumvi na ladha ya kutu. Felista aliyanywa yote.

"Hayajakwisha," aliuambia Mtaja. "Mizizi."

Msengi alikuwa amefungua mlango wa lori. Ndani, chini ya taa za buluu, miche ilisimama kwenye mistari yake, na kingo za majani zilikuwa zimeanza kujikunja. Alisimama pale muda mrefu. Kisha akarudi, akasimama karibu kabisa na Felista, akaongea kwa sauti ambayo ilimfikia yeye na dada yake tu.

"Ikifa, ni wewe umeiua. Unalijua hilo? Si mimi. Miguu ya mtoto wa dada yako ni juu yako."

Felista alikuwa akijua. Alikuwa akilijua tangu asubuhi, na kila jani aliloliokota alikuwa akiliokota huku akilijua hilo. Kama Msengi angeogopa mpaka mwisho, miche ingekufa, mji ungebaki na visima vyake, na hakuna kichaka ambacho kingemfariji. Mkono wake ulikuwa juu ya shaba. Hakuuondoa.

"Mizizi," alisema, na machozi yalikuwa yakimshuka bila yeye kuyajali, "ni ya aina mbili. Ile ya juu, iliyotanda kama wavu, inayonywa mvua ya kwanza. Na ile ya chini."

"Injinia," alisema Restituta. "Umwache huyo. Mimi ndiye mama wa mtoto, niangalie mimi. Malori ni yako, ufunguo ni wako, na shamba liko ng'ambo ya reli. Ikifa, nitajua nani aliendesha na nani hakuendesha."

Wanawake walikuwa wamesimama nyuma yake. Hakuna aliyepiga kelele. Chilewa, kule kwenye kiti chake, aliwasha injini ya tingatinga, akaigeuza, taratibu, mpaka pua yake ikaelekea relini.

"Nani amekuagiza?" Msengi alimuuliza.

"Nanyoosha tu miguu, mzee."

Msengi alivua kofia yake ya mkeka. Aliikunja, kitu ambacho kofia ile isingekisamehe, akaitupa ndani ya lori. "Kesho usije kazini," alimwambia Felista.

"Sawa."

"Lakini leo wewe bado ni mthibitishaji. Yule wa wilayani simsubiri tena. Funga maelezo yako, upande gari."

Felista aliyafunga maelezo yake kwa maneno machache ya mwisho. Mtambo uliyachambua. "Maelezo hayalingani na aina yoyote ninayoijua," ulisema. "Si msitu. Si miombo. Si mbuga. Si uoto hafifu. Nihifadhi kama nini?"

"Kama kichaka," alisema Felista. "Kichaka kizima."

*

Lango la shamba la alizeti lilikuwa la chuma, na mlinzi wake alikuwa amesimama katikati ya njia akiwa na simu sikioni. Jua lilikuwa limeshuka hadi usawa wa nyaya za reli. Ng'ambo ya lango ardhi ilikuwa nyekundu, wazi, haina hata kisiki.

"Bosi anasema hakuna kuingia," alisema mlinzi.

Restituta alishuka kutoka lori la kwanza, akajifunga khanga upya kiunoni. "Mwambie bosi aje. Aje na kiu yake, tuongee."

Mtaja ulipita chini ya lango, kwa kuwa ulikuwa mfupi na hakuna aliyewahi kuukataza. Ulitembea hatua chache kwenye udongo, ukapapasa, ukanusa. "Shamba lililoachwa," ulisema. "Hakuna zao. Hakuna mmea wa kudumu. Weka mkono kuthibitisha."

Felista alipitisha mkono wake katikati ya nondo za lango. Kichaka kilikuwa kimemchubua mpaka kwenye kiwiko. Kila mtu alikuwa akimtazama: mlinzi, Msengi, wanawake, Chilewa aliyeegemea usukani. Hakuufunika mdomo wake.

"Nathibitisha," alisema, na sauti iliyokauka ilisikika hadi kwenye lori la mwisho.

Mlinzi aliiangalia simu yake, akawaangalia wanawake, akahesabu kimoyomoyo mambo yake. Kisha akasogea kando na kuanza kutafuta ufunguo polepole sana, kama mtu ambaye baadaye angependa kusema alichelewesha.

Miche ilishushwa kwa mikono, ikapita mtu kwa mtu. Nusu ya majani yalikuwa yamejikunja. Hakuna aliyejua ni mingapi ingeamka. Msengi alivua koti, akapiga magoti kwenye mstari wa kwanza, hasemi na mtu. Restituta alichagua jembe katika lundo lililoletwa na lori, akalipima uzito, akamsukumia mdogo wake.

"Na usidhani nimekusamehe," alisema. "Ukifa hata mche mmoja, nitakuja kukudai mpaka kaburini. Haya, msomi. Chimba. Au na jembe utalieleza kwanza?"

Felista alilipokea, akachimba.